Uzi: Mbwa mwenye mzio na tumbo linalochafuka ovyo, tumpe chakula gani?

Mleta uzi (Goba, Dar)

Habari za jioni wakuu. Kila nikiingia jukwaa hili nakuta mtu anauliza: mbwa wangu anajikuna usiku kucha, kinyesi hakishiki, nimpe chakula gani? Na majibu ni yale yale, kila mtu anataja gunia analonunua yeye. Mimi nimehangaika na jambo hili mwaka na nusu. Naandika marefu, naomba mnivumilie.

Mbwa wangu anaitwa Jeki, dume, chotara wa German shepherd, kilo 24. Alianza kujikuna akiwa na miezi tisa. Ilianza miguu. Miguu yake ya mbele ni myeupe kama amevaa soksi, basi soksi zile zikageuka rangi ya kutu, kwa sababu kutwa alikuwa analamba katikati ya vidole na mate yanaacha doa. Yakafuata masikio. Ukiinua sikio unakutana na nta nyeusi na harufu kama pombe iliyolala. Usiku nilisikia goti lake likigonga mlango wa jikoni, du du du, anajikuna huku ameegemea pale. Na tumbo nalo: siku tatu kinyesi kizuri, siku mbili ute mtupu, mara tano kwa siku, wakati mwingine na mstari wa damu mbichi.

Nikampeleka kliniki. Sindano, dawa ya masikio, antibayotiki. Wiki mbili anatulia, ya tatu tumerudi pale pale. Tulifanya hivyo mara nne.

Katikati ya hapo nikaingia kwenye magunia. Nilibadilisha matatu ndani ya miezi miwili, kila moja ghafla, leo hili kesho lile, na tumbo likazidi kuvurugika. La tatu lilikuwa la bei kubwa, mbele limechorwa kondoo na limeandikwa kondoo kwa herufi kubwa. Nikasema sasa nimepona. Mwezi mzima hakuna nafuu. Siku moja nikaligeuza gunia nikasoma maandishi madogo ya nyuma: mahindi, unga wa nyama ya kuku, ngano, "nyama na mazao ya wanyama", kondoo asilimia nne. Nililipia mchoro, jamani. Ukiona "nyama na mazao ya wanyama" bila kutajwa mnyama mwenyewe, jua anaweza kuwa yeyote, na leo akawa huyu, mwezi ujao mwingine. Hata neno la kwamba chakula ni salama kwa wenye mzio, mtengenezaji yeyote anaweza kulibandika mbele. Geuza gunia, soma nyuma.

Aliyenitoa gizani ni daktari wa tatu, mama mmoja mtu mzima. Siku ya kwanza hakugusa habari ya chakula. Alichukua kitana chenye meno membamba, akamchana Jeki mgongoni karibu na mkia, akakung'uta vichembe vyeusi kwenye karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Tukasubiri kidogo. Vile vichembe vikaanza kutoa duara jekundu. Akaniambia, "Hiki ni kinyesi cha viroboto, mama. Na hiyo damu ni ya mbwa wako." Kisha akapima kinyesi cha Jeki kwenye darubini, akakuta mayai ya minyoo ya safura.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kununua kitu cha kula. Ilikuwa kuua viroboto kwa mbwa, kwenye banda, kwenye matandiko, na kwa paka wa nyumbani pia, halafu kutibu minyoo. Kwa joto letu la pwani viroboto havina msimu. Wiki sita baadaye Jeki alikuwa amepata nafuu kama nusu. Mgongo uliacha kuwasha. Miguu, masikio na kitumbo vilibaki vyekundu, na choo bado. Hapo ndipo daktari akasema: sasa tunaweza kuituhumu sahani.

Jambo ninalotaka kila mtu alishike ni hili. Usinunue gunia kabla hujajua ni nyama gani inamdhuru mbwa wako. Mzio wa chakula mara nyingi ni wa proteini fulani ambayo mbwa ameila kwa muda mrefu. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 uliojumlisha mbwa 297 waliothibitika kuwa na mzio wa chakula: nyama ya ng'ombe ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13, kondoo 5. Mchele ulikuwa kati ya vile vya chini. Tumezoea kusema "labda ni wali unamsumbua" na huku tunamwagia supu ya ng'ombe juu.

Njia ya kujua ni kumlisha proteini moja ambayo hajawahi kuila na wanga wa aina moja, basi, kwa wiki nane. Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya tano, na ukifika ya nane umeshawanasa zaidi ya tisa kati ya kumi. Tumbo hutulia mapema kuliko ngozi, kwa Jeki lilitulia wiki ya pili.

Tulichagua sungura na viazi vitamu. Kwa siku: gramu 400 za sungura aliyechemshwa na kutolewa mifupa yote (ukishaupika mfupa wa sungura unapasuka kama sindano), gramu 500 za viazi vitamu vilivyochemshwa, vijiko viwili vya chai vya mafuta ya alizeti, na kalsiamu aliyoiandika daktari. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu. Nilimpata mfugaji Kibaha, sungura mmoja alinitosha siku mbili. Gharama ni kubwa, sitawaficha.

Nilishindwa mara mbili kabla ya kufaulu, na nadhani wengi mtashindwia hapo hapo. Mara ya kwanza wiki ya tatu: ngozi ilikuwa imeanza kupoa, ghafla anajikuna upya. Kumbe mlinzi wetu, mzee mwema ambaye anampenda Jeki kama mwanawe, kila alfajiri akinywa supu ya makongoro anamtupia mfupa. Hakuna aliyemwambia. Nilikaa naye chini nikamweleza, na tangu siku ile akawa mkali kuliko mimi, anafukuza hata watoto wakiwa na chapati mkononi. Mara ya pili kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilimpa kidonge cha viroboto cha kutafuna, vile ambavyo mbwa wanavipenda kama peremende. Vimetiwa ladha ya nyama ya ng'ombe! Jaribio likavunjika, tukaanza kuhesabu upya. Vidonge vya minyoo, dawa ya meno ya mbwa, mifupa ya kuchezea, vyote soma kwanza au muulize daktari akupe isiyo na ladha, au ya kudondoshea mgongoni.

Nilinunua daftari la kurasa 48. Kila siku mistari minne: alichokula, choo mara ngapi na kikoje, amejikuna kiasi gani kati ya sifuri na kumi, masikio. Wiki ya sita niliandika "kujikuna 2" nikarudi nyuma kuangalia mwanzo, ilikuwa 9. Nililia, kweli.

Halafu ikaja sehemu ambayo wengi huiruka: kurudisha. Mbwa akipona unamrudishia proteini moja ya zamani, peke yake, hadi wiki mbili, uone. Tulianza na kuku. Siku kumi na nne, kimya. Kumbe kuku hakuwa na hatia. Tukampumzisha, tukaja na ng'ombe. Siku ya nne nikasikia tena goti kwenye mlango wa jikoni. Tukaacha siku hiyo hiyo. Maziwa niliyokuwa nampa kwenye uji nayo yakafutwa, maana baadhi ya proteini za maziwa na za nyama ya ng'ombe ni zile zile.

Leo Jeki anakula chakula kikavu cha samaki na wali chenye orodha fupi ya viungo, kisicho na ng'ombe popote, na nyuma kimeandikwa kwamba ni mlo kamili kwa mbwa mkubwa. Nilikihamia kwa siku kumi: robo, nusu, robo tatu, kizima. Soksi zake ni nyeupe.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Arusha)

Asante sana dada kwa uzi huu. Swali langu. Sisi huku mbwa ni wa ulinzi, watatu, wanakula pumba ya mahindi na dagaa, tunapika sufuria moja kubwa. Mmoja anaharisha kila mara, wengine wazima. Je, huyo naye ana mzio?

Mleta uzi

Kaka, mimi si daktari, ila ningeanza na kupima kinyesi chake peke yake. Watatu wanakula sufuria moja na mmoja tu anaumwa, inawezekana ni minyoo au tumbo lake ndilo dhaifu. Tena kuna tofauti kati ya mzio na tumbo lisilopatana na kitu. Mbwa anaweza kuharisha kwa sababu ya mafuta mengi au maziwa bila kuwa na mzio wowote.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Nimeusoma uzi wote. Mleta uzi ameeleza vizuri, naongeza machache.

Mkuu wa Arusha, hiyo pumba uitazame sana. Mahindi na pumba vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na ini la mbwa haliivumilii. Hii ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Hata chakula cha kiwandani hakijasalimika: mwishoni mwa mwaka 2020 huko Marekani mbwa zaidi ya 110 walikufa kwa chakula kilichotengenezwa na mahindi yenye sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi. Pumba ikinuka uvundo au ina madonge ya kijani, itupe, usimpe hata kuku. Mbwa anayekataa chakula, anatapika na macho yanageuka manjano, mkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo.

La pili, vipimo vya damu na mate vya "aleji za chakula". Watu wananiletea karatasi zenye orodha ya vyakula ishirini. Kwa mzio wa chakula vipimo hivyo haviaminiki, mbwa mzima kabisa anaweza kutoka na orodha ndefu. Fedha hiyo nunua sungura.

La tatu, si kila nyama "mpya" ni mpya. Ng'ombe, kondoo na mbuzi ni ndugu, mbwa anayedhurika na ng'ombe anaweza kudhurika na mbuzi. Kuku, bata na bata mzinga vile vile. Kwa hiyo kumtoa mbwa kwenye ng'ombe ukampeleka kwa mbuzi, kwa jaribio, si chaguo zuri.

La nne, chakula cha kupika nyumbani kwa wiki nane kwa mbwa mkubwa mwenye afya, sawa, chini ya uangalizi. Kwa mtoto wa mbwa, hapana, mifupa yake haitasubiri. Na ukitaka kumlisha hivyo maisha yake yote, usichukue mapishi mtandaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis walipima mapishi 200 mwaka 2013, asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Nyama tupu na wali haina kalsiamu ya kutosha, wala zinki, wala shaba.

Asiyeweza kupika, zipo lishe za hospitali ambazo proteini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana hadi kinga ya mwili haiitambui. Hill's, Royal Canin na Purina wanazitengeneza. Ni ghali na si kila duka linazo, lakini kwa jaribio ndizo zenye uhakika kuliko gunia la kawaida lililoandikwa "proteini moja". Magunia ya kawaida yamepimwa maabara mara kadhaa na kukutwa na nyama ambayo haikuandikwa kwenye lebo, kwa sababu mtambo mmoja unasaga kuku asubuhi na samaki jioni.

Mchangiaji (Nairobi)

Daktari asante. Huku kwetu maduka yanasukuma sana chakula kisicho na nafaka, wanasema ndicho bora kwa mbwa wa ngozi. Niendelee nacho? Mbwa wangu ni Labrador, miaka minne. Na nyama ya ngamia inapatikana Eastleigh, inafaa kwa jaribio?

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Ngamia ni wazo zuri, kama hajawahi kuila. Chagua mnofu usio na mafuta mengi.

Kuhusu nafaka: mbwa wenye mzio wa nafaka wapo, lakini ni wachache kuliko wa nyama. Kuondoa nafaka hakumsaidii anayedhurika na kuku aliyemo ndani ya gunia hilo hilo. Pia Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa waliokuwa wakila vyakula vya aina hiyo, hasa vyenye njegere na dengu nyingi. Hawakuthibitisha kwamba chakula ndicho chanzo, na Desemba 2022 wakasema hawatatoa taarifa nyingine mpaka wapate jambo jipya la kisayansi. Mimi simpi mbwa wangu bila sababu. Kama wako amekaa nacho miaka, mpime moyo.

Mchangiaji (Mbeya)

Mimi nanunua chakula cha kupima, kilo kwa kilo, gunia liko wazi dukani. Ni kizuri, mbwa anakipenda.

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwa mbwa mzima sina neno kubwa. Kwa mwenye mzio, acha. Hujui lebo yake inasemaje, hujui kimefunguliwa lini, mafuta yake yanachacha, na vidudu vya ghalani vinaingia humo. Hivyo vidudu peke yake vinaweza kumwasha mbwa. Nilijaribu mwezi mmoja kubana matumizi, harufu ya chakula ikawa kama mafuta ya maandazi ya juzi. Bora gunia dogo lililofungwa, ukifika nyumbani usilimimine kwenye ndoo, liingize zima ndani ya ndoo yenye mfuniko ili lebo na tarehe vibaki.

Mchangiaji (Tanga)

Assalaam alaykum. Mimi nina mbwa wa shambani, analinda minazi. Anajikuna, masikio yananuka, kinyesi laini, kila kitu kama ulivyoeleza. Tangu mdogo anakula wali na samaki, vibua na dagaa, na siku za sikukuu mabaki ya ng'ombe. Mtu kanishauri kitimoto, hicho mimi siwezi kukigusa wala kukileta kwangu. Samaki changu itafaa? Hajawahi kula changu.

Mleta uzi

Waalaykum salaam kaka. Changu ni samaki, na yeye kakulia samaki. Aina mpya ya samaki si proteini mpya. Kwako naona sungura, wanafugwa sana, na hatakupa shida ya imani. Wanga chukua viazi vitamu, maana wali ameuzoea. Ila anza na viroboto na minyoo kabla ya yote, nakuomba. Fanya lile jaribio la karatasi iliyolowa, dakika mbili tu.

Na shambani kuna jambo moja: anaokota. Nazi, panya, mabaki ya wavuvi. Wiki nane hizo afungwe au avae kifuniko cha mdomo akitembea, vinginevyo hutajua lolote.

Mchangiaji (Tanga)

Nimelifanya la karatasi. Nyekundu tupu. Sikujua. Nitarudi.

Mchangiaji (Nairobi)

Naomba kuuliza kuhusu malenge, nimesikia yanakaza choo.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Malenge yaliyochemshwa, vijiko viwili vya chakula kwa mbwa wa kilo 25, yanasaidia kuharisha kwa utumbo mpana, kule kwa ute na kwenda mara nyingi. Hayatibu mzio. Wakati wa jaribio usiyaongeze katikati, ama yawepo tangu siku ya kwanza ama yasiwepo. Choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, kukonda: hayo si ya malenge, njoo kliniki.

Mchangiaji (Tanga)

Nimerudi, miezi imepita. Viroboto na minyoo vilichukua mwezi na nusu. Sungura na viazi, leo ni wiki ya saba. Masikio makavu. Kinyesi anatoa mara mbili, kinaokoteka. Jana usiku nilikaa barazani hadi saa tano, nikamtazama amelala chini ya mnazi, hakuamka kujikuna hata mara moja. Mke wangu anasema manyoya yameanza kuota kwenye kitumbo. Sasa nataka kumrudishia samaki na wali, nimemkumbuka na wali wake. Nianzeje?

Mleta uzi

Alhamdulillah kaka, nimefurahi sana. Maliza wiki ya nane kwanza. Kisha usirudishe viwili kwa pamoja, ukimwona anajikuna hutajua ni kipi. Wali peke yake kwanza, juu ya sungura na viazi, wiki mbili. Akibaki mzima, endelea nao, ndipo umtie samaki, kibua kile kile alichokizoea, kiasi kidogo kila siku, hadi wiki mbili. Andika tarehe ya kila kimoja. Akianza kulamba vidole acha siku hiyo hiyo, rudi kwenye sungura mpaka atulie. Ng'ombe ya sikukuu iache mwisho kabisa, na waambie wa nyumbani kabla sikukuu haijafika.